Kupimwa Kwenda, Kupimwa Kurudi

Katika watu wote niliowajua Juba, ni mmoja tu aliyevaa koti mwezi wa tatu. Mwezi huo hata mbwa wa mtaa wa Hai Cinema hulala chini ya magari mabovu na hawambwekei mtu. Yeye alikuja asubuhi kwa miguu, koti zito la sufu limefungwa vifungo hadi shingoni, akaketi kwenye kigoda chake kando ya rakuba, kibanda cha matete ambapo mimi na Mama Mdogo tunauza chakula. Alipanga viatu vya watu mbele yake, akavaa miwani yenye mkono mmoja, akaanza kushona. Jasho lilishuka kwenye paji la uso, likapita puani, likadondokea ngozi. Hakulipangusa. Alilizoea kama sisi wengine tulivyozoea nzi.

Watu walimwita Joki. Mimi nilimwita Babu mbele yake, na Joki nikiwa mbali. Jina lake lipo kwenye kadi ya kliniki, lakini sitaliandika, kwa sababu aliniambia kwamba enzi zake jina la joki halikuitwa. Liliitwa jina la farasi, halafu la mwenye farasi.

"Joki ni kijiko," alisema. "Nani anauliza jina la kijiko?"

Alipoeleza maisha yake hakufuata miaka, nami sitaifuata. Jambo moja tu nilitangulize. Mwaka jana ngiri yake ilikua hata akawa anatembea ameishika kwa mkono ndani ya koti. Daktari alimwambia lazima apasuliwe, maana siku utumbo ukinaswa humo hatafika hospitali akiwa hai. Lakini alikuwa mwembamba mno kuhimili kisu. Alipimwa akakutwa na kilo arobaini na moja. "Ukifika arobaini na tano tutakupasua," daktari alisema. Daktari yule hakuwa wa kukaa Juba. Alikuja siku chache, akaondoka, akarudi baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo Joki alikuwa na miezi mitatu ya kuzitafuta kilo nne, yeye aliyetumia ujana wake wote kuzikimbia.

Koti lilitoka kwenye kazi yake ya zamani. Alikuwa mkimbizi kijana alipovuka Uganda akafika Kenya, sehemu za milimani ambako maji ya ndoo asubuhi huuma vidole. Akapata kazi ya usaisi, kuwasugua na kuwalisha farasi katika mazizi ya Mzungu. Huko kulikuwa na mbio za farasi, na baadhi zilikuwa za kuruka: farasi anakimbia mwendo mrefu huku akiruka nyua za miti na mitaro ya maji, na joki yuko juu amejikunja kama panzi. Asubuhi moja joki wa Kizungu alivunjika mfupa wa bega. Wakatafuta mtu mdogo kati ya masaisi.

"Walinitazama kama gunia," Joki alisema. "Wakasema, hili linatosha."

Aliruka kwa misimu kadhaa. Hakujulikana. Mara nyingi alikuwa wa tatu au wa nne, na mara nyingi hakufika kabisa, kwa kuwa alikuwa amelala kwenye majani akihesabu meno yake kwa ulimi. Joki mzito hapati farasi, kwa hiyo majoki walikaa na njaa. Kabla ya siku ya mbio walivaa makoti mawili mawili wakakimbia kwenye barabara ya vumbi mpaka walowe. Walitafuna muwa wakatema hata maji yake. Aliacha kuruka nyonga ilipovunjika kwenye mtaro mmoja, akapelekwa karakana ya kushona matandiko ya farasi, na huko ndiko alikojifunza sindano. Njaa hakuiacha. Tumbo lake lilikuwa limefunga mlango, na yeye hakuwa na haraka ya kubisha hodi.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo ameketi mbele ya mgahawa. Mama Mdogo, ambaye alirudi Juba kutoka Uganda na Kiswahili cha huko, alikuwa akimlaumu kila siku.

"Joki, wewe nakaa mbele ya chakula yangu kama tangazo ya njaa. Watu naona wewe, nafikiri nilikupikia ndiyo ukakuwa hivyo."

"Waambie mimi ni wa kabla hujafungua."

"Kula kidogo tu. Asida na bamia. Nani nakulazimisha kumaliza?"

"Kesho," alisema.

Kesho yake alisema kesho. Nilikuwa namwekea bakuli karibu na mguu, na jioni nalichukua likiwa limejaa na limepoa, mara nyingine kipande kimoja kimemegwa pembeni kwa adabu.

Alishona kwa sindano mbili, moja kila mkono. Zote mbili zilipita tundu moja kutoka pande mbili na kupishana. Mafundi wengine wa viatu hapa hutumia moja, na watu walimwuliza kwa nini ajisumbue. Aliwaambia huo ni mshono wa tandiko: uzi mmoja ukikatika, wa pili unashika. "Mshono wa tandiko haukatiki," alisema. "Ngozi itaoza kwanza. Wewe utaoza kwanza." Viatu vyangu vya shule alivishona hivyo mwaka tuliporudi kutoka Adjumani, ukimbizini Uganda. Shule niliiacha darasa la saba, lakini viatu bado ninavyo.

Tulielewana kwa sababu wote wawili hatukuwa wasemaji. Kule Adjumani mwalimu wangu wa kwanza alidhani mimi ni bubu, akaniandika hivyo kwenye daftari lake. Wateja wakinisemesha natazama sahani. Yeye hakunisemesha. Asubuhi tulitembea pamoja kutoka Lemon Gaba, ambako nyumba zetu zilikuwa zinatazamana, na tuliweza kufika mjini bila neno. Njia ni ndefu, vumbi ni jingi, na mtu aliyechoka hapendi kuulizwa hali.

Mvua ikinyesha, mitaro ya Hai Cinema hujaa maji meusi. Watu hutupa tofali katikati na kukanyaga. Yeye alisimama mbali na mtaro, akautazama, akarudi nyuma hatua tatu, halafu nikamsikia akihesabu chini kwa chini, tatu, mbili, moja, na mguu mzima ukavuka, ule wenye nyonga mbovu ukafuata ukiburuzwa. Vijana wa bodaboda walimsubiri afike pale ili wacheke.

"Joki, farasi yako iko wapi leo?"

"Alikufa kabla mama yako hajaota meno."

"Na wewe naruka tu bila yeye?"

"Ninaruka. Wewe una pikipiki, na jana ulitumbukia hapa hapa."

Wenzake walimcheka kijana yule wiki nzima. Joki hakucheka. Alikwisha kuketi na sindano zake.

Hawakuamini kama alikuwa joki kweli. Hakuwa na picha wala barua. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye nyuzi na sindano, na chini ya nyuzi vipande vinne vya risasi. Si ya bunduki. Ni yale madini yenyewe, ya kijivu, yamekatwa bapa kama sabuni iliyotumika nusu. Kila kimoja kilikuwa kilo moja. Ukikishika mkono unashuka wenyewe, kwa kuwa jicho lilitarajia kitu chepesi.

Nilikuwa msichana mdogo aliponieleza kazi yake. Kila farasi alipangiwa mzigo. Farasi hodari alibebeshwa zaidi, ili wenzake wapate nafasi. Joki akiwa mwepesi kuliko mzigo ule, aliongezewa vipande vya risasi kwenye mfuko wa ngozi chini ya tandiko, mpaka mizani ikubali. Alipimwa pamoja na tandiko kabla ya mbio. Akishinda, alipimwa tena aliporudi, akiwa bado anahema. Akirudi mwepesi kuliko alivyoondoka, ushindi ulifutwa.

"Kupimwa kwenda, kupimwa kurudi," alisema. "Watu wengi wanaogopa ya kwanza."

Alilitumia neno hilo kwa kila kitu. Mgeni akisifiwa sana mtaani, Joki alisema, tumempima kwenda. Mtu akizikwa, na makaburini wakasema mabaya yake kwa sauti ndogo, Joki alisema, sasa amepimwa kurudi.

Yeye mwenyewe alijipima kila Jumamosi. Sokoni kulikuwa na Mganda muuza posho, yaani unga wa mahindi, na maharagwe, mwenye mizani kubwa ya kukanyaga, ya kupimia magunia. Joki alisimama juu yake katikati ya magunia, mikono mbavuni, macho mbele, hatazami mshale.

"Mzee, hii mizani ni ya maharagwe."

"Mimi ni haragwe. Pima."

"Leo wewe iko arobaini na tatu. Lakini hiyo koti peke yake iko kilo mbili."

"Najua."

"Sasa ukitoa koti wewe iko arobaini na moja. Miezi tatu hii yote, iko arobaini na moja tu. Wewe nakula nini, mzee? Nakula uzi?"

Joki alishuka. Muuza posho alimfungia karanga za kukaanga kwenye karatasi, na Joki alizichukua kwa heshima, akatia mfukoni. Karanga alijaribu kweli, maana zililika huku anashona. Alikula moja viatu vya kwanza vikiisha, moja vya pili vikiisha. Nilihesabu. Siku njema alifika tisa.

Watu walidhani anapenda farasi. Aliniambia hawapendi. "Ni mnyama mwoga aliyepewa nguvu nyingi. Ni mtoto mwenye panga." Lakini kulikuwa na farasi jike mmoja ambaye masaisi walimwita Chelewa, kwa kuwa alianza nyuma siku zote, na habari za huyo alizieleza mpaka masikio yake yalivyokaa kwenye kila ua. Kwa Chelewa alipata ushindi wake mmoja mkubwa, na kwa Chelewa ushindi ule ukafutwa. Farasi yule alikuwa amebebeshwa mzigo mzito, kwa hiyo Joki aliongezewa vipande vingi. Aliporudi wa kwanza na kupanda mizani, vinne havikuwepo. Mfuko ulikuwa wazi. Walitangaza mshindi ni wa pili wake. Saisi aliyeufunga mfuko, kijana aliyelala naye chumba kimoja, alifukuzwa kabla jua halijashuka.

Joki alimwambia Mama Mdogo kwamba ukanda wa mfuko ulikatika wakati wa kuruka mtaro wa maji, na yeye alirudi asubuhi akavipapasa vipande vile kwenye tope. Lakini alimwambia muuza posho kwamba vilidondoka nyuma ya miti, mahali watu hawaoni, akaviokota kwenye nyasi ndefu. Niliyasikia yote mawili kwa masikio yangu, na nikakumbuka mshono usiokatika. Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Kitu kimoja alinifundisha bila kuombwa, nacho ni kuanguka. Alisema joki akianguka haruki kusimama. Anajikunja awe mdogo kama mkate, kichwa ndani ya mikono, na anakaa hivyo mpaka farasi wa mwisho ampite, kwa sababu wanaokufa ni wale wanaosimama mapema. Zilipokuja siku za milio ya bunduki mjini, mimi na yeye tulikuwa njiani mchana, tukalala kwenye mfereji mkavu. Milio ilinyamaza. Watu wakaanza kuinuka na kukimbia. Nami nikataka kuinuka. Alinishika gauni kwa nyuma.

"Bado, biniya," alisema. Ndivyo wanavyoita msichana kwa Kiarabu cha hapa. "Wa mwisho hajapita."

Tulikaa. Milio ikaanza tena, karibu zaidi. Wapo waliokuwa wamesimama ambao hawakuinuka tena. Yeye hakulizungumzia jambo hilo baadaye, ila tangu siku hiyo Mama Mdogo alimpa bakuli la kwanza kutoka kwenye sufuria, hata kama halikuliwa.

Miezi mitatu ya daktari ilikwisha. Asubuhi ya kliniki nilimsindikiza, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine Juba, na mtu anayepasuliwa hutakiwa kuwa na ndugu wa kungoja nje. Kabla ya kuondoka aliniomba nimpe sindano nene kutoka kwenye kopo, afunge mshono wa mwisho wa kiatu cha mtu. Nilitia mkono chini ya nyuzi. Kopo lilikuwa jepesi. Vipande vile havikuwemo.

Njiani nilitazama koti. Siku zote pindo zake zilipepea kidogo anapochechemea. Siku ile lilining'inia limenyooka kama pazia lililolowa. Lina mifuko minne, miwili chini na miwili ndani kifuani.

Kliniki ilikuwa imejaa tangu alfajiri. Tuliketi kwenye benchi, baadaye tukaketi chini kuwapisha wenye watoto. Nesi alipita akisema na wote kwa pamoja. Alikuwa mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, alikokulia ukimbizini. Alionekana hajalala siku mbili.

"Sikilizeni, watu wa upasuaji. Kama umekula leo, sema. Kama unakunywa dawa nyingine, sema. Dawa ya usingizi tunapima kwa kilo za mtu. Ikizidi, mtu hataamka, na mimi ndiye nimeandika hizo kilo. Kwa hivyo msinifiche kitu."

Nilimtazama Joki. Alikuwa anatazama ukuta, mikono mbavuni, kama alivyosimama kwenye mizani ya posho.

"Babu," nilisema.

"Nyamaza," alisema taratibu. "Ua uko mbele. Usitazame ua, tazama upande wa pili."

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia. Nimechoka kushika tumbo kwa mkono, biniya. Miezi mitatu mingine siwezi."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeomba kigoda.

Jina lake likaitwa. Nesi akamwambia avue koti. Alisema ana baridi, na nesi akatazama mstari wa watu uliokuwa umefika mlangoni, akapumua.

"Haya, mzee, panda nalo. Arobaini na saba. Natoa mbili za koti. Arobaini na tano." Akatabasamu kidogo. "Umejitahidi. Wengi hurudi wamepungua."

Akachukua kadi. Kalamu haikuandika, akaitikisa, akaisugua kwenye kiganja. Nadhani kama kalamu ingeandika mara ya kwanza, mimi nisingesema chochote mpaka leo. Nilitazama viatu vyangu. Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua.

"Mpime tena."

"Nini?"

"Mpime kurudi," nilisema. "Bila koti."

Nesi alinitazama, halafu akamtazama yeye. Joki alikuwa bado juu ya mizani. Hakunigeukia. Alikuwa mzee mdogo ndani ya koti kubwa, watu wote wanatazama. Kisha alitia mkono mfukoni akatoa kipande cha kwanza, akakiweka mezani. Akatoa cha pili. Vile vya kifuani vilimchukua muda, kwa sababu alikuwa amevishonea humo, na alikata uzi kwa meno. Vyote vinne vilipokuwa mezani alivua koti, mara ya kwanza mbele yangu tangu nimjue. Mikono yake ilikuwa kama mipini ya majembe. Mshale ulishuka ukasimama kwenye arobaini na moja.

Nesi hakumgombeza. Alishika kipande kimoja, mkono ukamshuka, akakirudisha.

"Mzee, ungejiua, na mimi pamoja nawe," alisema. Akaandika arobaini na moja. "Rudi baada ya miezi mitatu. Ukipata maumivu makali njoo siku hiyo hiyo, hata kama daktari hayupo. Anayefuata."

Tulirudi Lemon Gaba jua likiwa utosini. Alitangulia, nami nikamfuata hatua kumi nyuma, koti nimelibeba mimi. Niliwaza kwamba hatasema nami tena, na kwamba akifa katika miezi hiyo mitatu nitakuwa nimemwua kwa mdomo, mimi nisiyeutumia kwa kitu kingine. Alipofika kwenye mtaro mkavu alisimama. Hakurudi nyuma wala kuhesabu. Aliketi ukingoni.

"Ukanda haukukatika," alisema.

Nilisimama.

"Chelewa alikuwa amechoka. Nilisikia mbavu zake kwenye magoti yangu. Zilibaki nyua mbili. Nyuma ya miti nikafungua mfuko, nikatupa vinne kwenye nyasi. Nilitaka kushinda. Usiamini mtu akikwambia nilimhurumia farasi. Nilimhurumia, lakini nilitaka kushinda."

"Na yule saisi?"

"Alisema aliufunga vizuri. Aliapa. Wakamwuliza joki, ni kweli? Nikanyamaza." Alisugua nyonga. "Alichukua blanketi lake akaondoka kwa miguu. Hakunitazama. Alijua. Miaka yote hii namtafuta kwenye nyuso za wazee sokoni. Hata Juba, ambako hana sababu ya kuja."

Lori la maji lilipita, vumbi likatufunika, tukangoja litulie.

"Leo ungenyamaza," alisema, "yule nesi angechukua blanketi lake. Mmoja anatosha. Nipe mkono niinuke."

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa ya mvua. Sitasema alikula sana. Alikula kama mtu anayejifunza kuandika uzeeni, polepole na kwa aibu, akifuta na kurudia. Mama Mdogo alimsagia karanga kwenye uji. Alitapika, akala tena. Mara mbili ngiri ilimlaza, na Mama Mdogo alikaa kando yake akimpepea kwa kifuniko cha sufuria na kumtukana. "Ukikufa hapa, Joki, nani nitapatia bakuli ya kwanza? Kufa siku ingine." Joki alisema kesho.

Alipasuliwa daktari alipokuja tena, akaamka. Mtoto wa dada yake, mvuvi, alimchukua akakae naye Rejaf, nje ya mji kando ya mto, kwa kuwa baada ya hapo macho hayakuona tena tundu la sindano na njia ya mjini ilikuwa ndefu. Vile vipande vinne vimefungwa kwenye wavu wa mvuvi huyo, vinazama mtoni kila siku na kupandishwa. Kule hakuna anayemwita Joki. Kigoda chake kiko hapa kwetu. Mama Mdogo huwazuia wateja wasikikalie, halafu akichoka anawaacha.

Lakini nikimkumbuka simwoni Rejaf, na simwoni juu ya farasi. Namwona Jumamosi ile ya mwisho kabla ya kupasuliwa, sokoni, mvua imekatika na magunia yamefunikwa karatasi. Muuza posho alisogeza debe la maharagwe, akamwonyesha mizani kwa mkono kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni. Joki hakupanda. Alivua koti akaliweka juu ya gunia. Kisha akaligeuza mifuko nje, yote minne, mmoja mmoja, na vitambaa vyake vikaning'inia kama masikio. Akafanya hivyo na mifuko miwili ya suruali. Akanitazama.

"Kagua," alisema.

Nilisema hakuna haja. Muuza posho naye alisema hakuna haja, mzee, koti iko pale na wewe iko hapa.

"Kagua, biniya."

Mimi huona haya hata kumpa mtu chenji mkononi. Nilipapasa mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, halafu ile ya suruali. Katika kona ya mmoja vidole vyangu viligusa kitu kidogo, kigumu. Nikakitoa. Ilikuwa karanga, imebaki kutoka Jumamosi nyingine, imenasa kwenye mshono.

Muuza posho akacheka. "Haya, mzee, tumekushika. Hiyo nayo tutatoa kwa kilo?"

Joki aliichukua kutoka mkononi mwangu. Aliitazama kwa karibu, akaifuta kwenye shati, akaitia mdomoni. Aliitafuna muda mrefu kuliko karanga inavyohitaji, sisi wawili tukimngoja. Alimeza. Ndipo akapanda.